Sauti Ndani ya Herufi ya Kichina: Uhakiki wa Dai la Maandishi ya Picha kwa Kurejelea Jina la Ziwa Tanganyika

Makala haya yanahakiki dai lililozoeleka kwamba herufi za Kichina ni picha zinazowasilisha maana moja kwa moja, bila kupitia sauti. Dai hili lina chembe ya ukweli: herufi 山 (shān, mlima) na 木 (mù, mti) zilitokana na michoro. Hata hivyo, likichukuliwa kuwa maelezo ya mfumo mzima, humpotosha mwanafunzi wa Kichina. Mtazamo wa kusoma ulio nyuma yake humpotosha pia mtafiti wa maandishi ya kale ya Kiswahili. Hoja yetu ni kwamba mfumo huu umejengwa juu ya vijenzi vya sauti, lakini kijenzi cha sauti ni kidokezo kwa msomaji anayeijua lugha.

Tumchukue mwanafunzi wa kata ya Buzebazeba, katika Manispaa ya Kigoma Ujiji, anayetaka kusoma jina la ziwa lake kwa Kichina: 坦噶尼喀湖 (Tǎngáníkā Hú). Akilisoma kama picha, atakutana na mambo yasiyohusiana. Herufi ya kwanza humaanisha tambarare. Ya tatu hutumika kumtaja mtawa wa kike wa Kibudha. Ya nne imeundwa kwa mdomo (口) na mgeni (客). Hakuna ziwa hapo. Akilisoma kwa sauti, jina linajitokeza: tǎn-gá-ní-kā. Katika 喀, kijenzi 客 (kè) hakileti mgeni yeyote, bali kinaazima sauti tu, nacho kijenzi cha mdomo kinadokeza kuwa herufi isomwe kwa sauti yake. Ni herufi ya mwisho pekee, 湖 (hú, ziwa), inayobeba maana ya ziwa. Hata hiyo si picha: upande wa kushoto ni kijenzi cha maji, na upande wa kulia ni 胡 (hú), kinachotoa sauti.

Muundo huo si jambo la pembeni. Xu Shen, katika kamusi yake ya Shuowen Jiezi iliyokamilika mwaka 100 BK na yenye herufi 9,353, aliutambua kuwa mojawapo ya aina sita za herufi, akitoa mfano wa 江 na 河, ambazo zote hutaja mto. Kwa makadirio ya kawaida, zaidi ya asilimia 80 ya herufi za Kichina zina muundo huu. John DeFrancis, katika kitabu chake cha mwaka 1984, alitumia hoja ya sauti kupinga dhana ya maandishi ya mawazo matupu.

Mpinzani wa hoja hii anaweza kusema kwamba vijenzi vya sauti haviaminiki. Pingamizi hilo lina uzito. Mfano wa Xu Shen wenyewe unalithibitisha: 江 leo hutamkwa jiāng, ilhali kijenzi chake 工 hutamkwa gōng. Matamshi yalibadilika kwa karne nyingi, maandishi yakabaki. Vivyo hivyo, 青 (qīng) hutoa sauti kamili katika 清 (qīng, maji maangavu), hubadilika toni katika 情 (qíng, hisia) na 请 (qǐng, kuomba), huwa jīng katika 睛 (mboni ya jicho), na hupotea karibu kabisa katika 猜 (cāi, kukisia).

Pingamizi hilo, hata hivyo, linadhania kwamba kazi ya maandishi ni kumpa msomaji sauti asiyoijua. Kwa mzawa wa lugha, kijenzi cha maana hupunguza maneno yanayowezekana, kijenzi cha sauti huyapunguza zaidi, na neno alilonalo kichwani hukamilisha. Msemaji wa Kiha, ambayo ni lugha ya toni, analielewa jambo hili: akisoma lugha yake iliyoandikwa bila alama za toni, huijaza toni mwenyewe.

Ushahidi wa karibu zaidi uko katika historia ya Ujiji, mwisho wa njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora. Kiswahili cha wakati huo kiliandikwa kwa hati ya Kiarabu. Tippu Tip, kwa mfano, aliandika tawasifu yake kwa hati hiyo. Katika uandishi wa mazoea, ب iliweza kusimamia /b/ na /p/, hivyo “bata” na “pata” yakaandikwa sawa. Kuiita hati hiyo mbovu kwa sababu hiyo ni kurudia kosa lilelile, kwani muktadha ulimtosha msomaji. Mifumo hii haifanani: utata wa hati ya Kiarabu ulihusu sauti chache, ilhali vijenzi vya sauti vya Kichina ni mamia. Kinachofanana ni nafasi ya msomaji.

Kutokana na uhakiki huu, makala yanapendekeza mambo mawili. Kwanza, mwanafunzi wa Kichina afundishwe neno la mazungumzo kabla ya herufi, kisha herufi zipangwe kwa familia za vijenzi vya sauti, pamoja na zile zilizopotoka, badala ya kubuniwa hadithi za picha. Pili, mtafiti wa nyaraka za Kiswahili za hati ya Kiarabu aulize kwanza msomaji wa wakati ule alijua nini, ndipo aihukumu hati.