Baiskeli ya Ndizi

Karagwe na Kyerwa zilikuwa wilaya moja hadi mwaka 2012, na ng'ombe wenye pembe ndefu wamelishwa kwenye vilima vyake tangu enzi za Wakama, wafalme wa Karagwe. Lakini hakuna aliyewafunga mkokoteni, na magari ya farasi hayakupata kuzoeleka huku. Aliyetaka kubebwa alitegemea mabega ya watu.

Kapteni James Grant alifika na msafiri mwenzake Speke kwa Mkama Rumanyika mwaka 1861, akaugua mguu, akaachwa nyuma mwenzake alipoondoka Januari 1862. Aprili akatoka Karagwe kuelekea Buganda akiwa amelazwa kwenye machela. Kitabu chake cha 1864 akakiita matembezi ya kuivuka Afrika! Mabega yaliyombeba hayakupata nafasi kwenye jalada.

Kazi hiyo ya kubeba leo wameirithi vijana wa baiskeli. Mtazame mmoja akipakia ndizi. Baiskeli anaiegemeza kwa mti wenye panda, maana stendi yake haimudu mzigo huo. Juu ya keria anatandika majani makavu ya mgomba, kwani ndizi ikichubuka huwa nyeusi na bei hushuka. Anaufunga mkungu wa kushoto, anauzuia kwa goti huku akifunga wa kulia; upande mmoja ukizidi, baiskeli nzima inalala. Mkubwa kuliko yote unakaa juu. Kamba ni tyubu kuukuu iliyochanwa: anavuta, anazungusha, anachomeka ncha bila kupiga fundo. Kisha anautikisa mzigo. Ukicheza hata kidogo anafungua kamba zote na kuanza upya, wala hanung'uniki.

Hapandi. Anatembea ubavuni, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye fimbo iliyofungwa nyuma ya kiti. Kupandisha kilima kunataka nguvu tu, na mwenzake akimsukumia imekwisha. Kuteremka ndiko kunakomtambulisha fundi: breki hazitoshi, kwa hiyo anajiegemeza nyuma, visigino vimekita kwenye changarawe, akiuzuia mzigo usimtangulie.

Wanawake nao huleta ndizi barabarani, mkungu mmoja mmoja kichwani. Kiswahili hakitofautishi mwendeshaji wa kike na wa kiume, ila pale Nkwenda, wilayani Kyerwa, ukiuliza "yule wa baiskeli", watu watakutafutia kijana wa kiume.

Kwenye lori la Fuso, mnunuzi hana habari na kamba. Anaugeuza mkungu wa chini, anatafuta weusi, halafu anataja bei.