Pembe, Sawa na Pacha: Uhakiki wa Lugha ya Jiometri katika Shule za Sekondari

Kila wanapokutana wataalamu wa Kiswahili kujadili uwezo wa lugha hii kufundishia hisabati na sayansi, mazungumzo huelekea kwenye hesabu ya istilahi: ngapi zimeundwa, ngapi zimesanifiwa, ngapi zimekopwa. Njia hiyo imezaa orodha nyingi, na baadhi yake ni nzuri. Lakini somo la jiometri katika shule za sekondari laonyesha mahali inapokomea. Maneno ya jiometri si mengi. Mtu aweza kuyaandika katika kurasa chache za daftari. Kinachomshinda mwanafunzi ni kuyaunganisha maneno hayo katika sentensi zitakazobeba hoja kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho bila kukatika. Uhakiki wa lugha ya somo hili waweza kuanza na istilahi, lakini hauwezi kuishia hapo.

Mfano mwafaka wapatikana Turbo, katika kaunti ya Uasin Gishu, mji mdogo ulioko magharibi ya Eldoret kwenye barabara kuu iendayo Webuye na Malaba. Darasa moja la huko huweza kukusanya watoto wa Wanandi, wa Wabukusu na Waluhya wengine, kwa kuwa Lugari i jirani, na wa Wakikuyu ambao wazee wao walinunua ardhi katika nchi hiyo ya mashamba baada ya uhuru. Lugha inayowakutanisha sokoni na kwenye steji ya matatu ni Kiswahili. Lugha ya kitabu cha hisabati na ya mtihani ni Kiingereza. Kati ya lugha hizo mbili amesimama mwalimu, ambaye aghalabu huandika ubaoni kwa moja na kueleza kwa nyingine. Mtindo huo haumo katika sera yoyote ya elimu, wala hakuna kitabu kinachomwongoza mwalimu namna ya kuufuata vizuri. Hivyo Kiswahili chafanya kazi kubwa darasani bila ya kukaguliwa na mtu, na ndiyo sababu chastahili uhakiki.

Mpangilio wa somo lenyewe wafahamika. Chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985 na ambao wanafunzi wake wa mwisho waliingia kidato cha kwanza Januari 2024, jiometri haifundishwi kwa mfululizo mmoja bali hutawanywa katika vidato vyote vinne. Kidato cha kwanza huanza na pembe na uchoraji wa maumbo kwa rula na bikari, ambayo wanafunzi huiita kompasi. Cha pili huleta maakisi, mzunguko, mfanano, kanuni ya Pythagoras na pembe za duara. Cha tatu, mistari inayolikata na inayoligusa duara. Cha nne, njia za nukta, maumbo ya pande tatu na vipimo vya longitudo na latitudo. Gredi ya 10, iliyoanza Januari 2026, ina mtaala wake mpya, lakini maumbo ni yale yale. Matokeo ya mtawanyiko huo ni kwamba neno lililofafanuliwa kwa haraka katika muhula wa kwanza laweza kuhitajiwa tena miaka miwili baadaye, wakati maana yake ya mtaani imekwisha kuifunika ile ya kitaalamu.

Tanzania, ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi tangu 1967, yafaa iangaliwe kwanza, maana ndiko istilahi hizi zilikopata kuzoeleka vitabuni. Nyingine ni za kusifiwa. "Kipenyo" chatokana na kupenya, na hakika kipenyo hulipenya duara kupitia kitovuni. Mwanafunzi akikijua kitenzi amekwisha kupata nusu ya fasili. "Sambamba" lilikuwa neno la watu waendao bega kwa bega kabla ya kuwa neno la mistari. "Pembetatu guni", ile ambayo pande zake zote zimetofautiana, ni ubunifu wa hali ya juu: jina limechukuliwa kutoka kwa washairi, ambao huliita guni shairi lisilotimiza urari wa vina na mizani. Si jambo la kila siku hisabati kuazima kutoka katika arudhi.

Lakini zipo ambazo hazikufikiriwa hadi mwisho. Pembetatu yenye pande mbili zilizo sawa iliitwa "pembetatu pacha". Pacha ni wawili, na pacha ni watu. Mtoto akisikia pembetatu pacha hutazamia kuonyeshwa pembetatu mbili zilizozaliwa pamoja, zisizotofautiana kwa lolote. Jina lililostahili kuhifadhiwa kwa ajili ya uhusiano wa pembetatu mbili limetumiwa kwa sifa ya pembetatu moja. Katika shule ya msingi hasara yake ni ndogo. Katika sekondari, ambapo sehemu kubwa ya somo ni kulinganisha pembetatu na pembetatu, hasara yaongezeka.

Neno "sawa" limetwikwa mzigo mzito zaidi. Pande ni sawa, yaani vipimo vyake havitofautiani. Pembetatu yenye pande tatu za namna hiyo ni "pembetatu sawa". Pembetatu mbili zikilaliana bila ya kuzidiana huambiwa nazo ni sawa. Na wako wanaosema "sawa" hata kwa pembetatu zenye umbo moja na ukubwa mbalimbali. Maana nne kwa neno moja, tena katika somo ambalo kuzitenganisha maana hizo ndiyo kazi yenyewe! Juu ya hayo, "sawa?" ndilo swali la mwalimu mwishoni mwa kila hatua, na "sawa" ndilo jibu la darasa zima. Hapana neno linalotamkwa mara nyingi zaidi katika kipindi cha dakika 40, wala lisilothibitisha lolote kama hilo.

Hapo ndipo Kiswahili cha bara, ambacho wasanifishaji wamezoea kukionea haya, kina jambo la kuchangia. Vijana wa Turbo, kama Wakenya wengine wengi, husema "tunatoshana" wakilinganisha kimo. Kutoshana ndiko hasa kunakotakiwa: umbo moja kuwekwa juu ya jingine, nalo likatosha. Pembetatu "zinazotoshana" na pembetatu "zinazofanana" zingetenganishwa kwa vitenzi viwili ambavyo kila mtoto anavijua, na "sawa" likaachiwa vipimo peke yake. Pingamizi la kwamba kitenzi hicho hakina hadhi ya kitaalamu halina uzito. Kupenya nako hakukuwa na hadhi hiyo hadi kulipopewa.

Vitenzi hivyo viwili vyaonyesha pia nguvu ambayo orodha za istilahi, kwa kuwa ni orodha za nomino, haziwezi kuionyesha. Kauli ya kutendana hueleza uhusiano uendao pande zote mbili: mistari hukatana, pembe hukabiliana, maduara hugusana. Anayesema mistari miwili inakatana hana haja ya kuongeza kwamba wa pili nao unaukata wa kwanza. Kauli ya kutendeka nayo hueleza uwezekano: pembe ya nyuzi 60 inachoreka kwa rula na bikari, ya nyuzi 20 haichoreki. Jambo hilo la pili lilithibitishwa na Mfaransa Pierre Wantzel mwaka 1837, na lingeweza kutajwa katika kidato cha kwanza kwa kitenzi kimoja, ingawa uthibitisho wake u mbali na uwezo wa kidato hicho.

Ngeli zenyewe ni msaada wa ajabu. Katika sentensi "unaligusa", mwanafunzi ajua bila kuambiwa kwamba mstari ndio unaogusa na duara ndilo linaloguswa, hata kama nomino zote mbili zimeachwa aya moja nyuma. "Upande unaikabili pembe" nayo haina utata. Kiingereza hulazimika kurudia nomino au kutumia herufi. Hata hivyo msaada huo una mipaka ambayo mwalimu yampasa aijue. Pembe, nukta na pembetatu zote ni za ngeli moja; na pande na pembe, zikiwa katika wingi, huchukua kiambishi kimoja. "Zinazikabili" haisemi ni zipi zinazozikabili zipi. Mwalimu mwangalifu hubaki katika umoja mpaka hoja iishe. Dokezo dogo namna hiyo lingemfaa kuliko istilahi mpya ishirini, lakini huwezi kulikuta katika kamusi.

Kiini cha jambo, hata hivyo, ni uthibitisho. Maswali ya KCSE juu ya pembe za duara mara nyingi humtaka mtahiniwa atoe sababu ya kila jibu. Sababu hizo zina kauli zake za Kiingereza, fupi na zilizokaushwa, ambazo hukaririwa kama dua. Aliyezikariri aweza kupata alama bila kujua kwa nini pembe mbili zinazosimama juu ya tao moja hulingana. Aliyeelewa bali akakosea kauli aweza kuzikosa. Mtu akitaka kujua yupi ni yupi, na amtake mwanafunzi aeleze kwa Kiswahili, maana humo hamna kauli ya kukariri. Yampasa aijenge sentensi mwenyewe.

Chukua jumla ya pembe za pembetatu. Mwanafunzi aliyezipima kwa kipimapembe hupata 179, mara 181, na kuambiwa aandike 180. Hoja yenyewe kwa Kiswahili haina ugumu: pitisha katika ncha A mstari ulio sambamba na upande BC, mstari huo wazaa pembe mbili, moja kila upande wa pembe A, ya kwanza ni sawa na pembe B, ya pili ni sawa na pembe C, kwa sababu ya usambamba, nazo zote tatu zimekaa juu ya mstari mmoja ulionyooka. Istilahi ngumu haimo. Kilichomo ni "kwa sababu", na juu yake wazo kwamba pembetatu iliyochorwa ni mfano tu wa pembetatu yoyote.

Kitenzi "thibitisha" chenyewe hakina budi kuchunguzwa. Kwa kijana wa leo, jambo lililothibitishwa ni lile ambalo ujumbe wa M-Pesa umesema limethibitishwa: mwenye mamlaka amelipokea, basi. "Hakikisha" nako ni kwenda kuangalia. Uthibitisho wa jiometri si wa namna hizo mbili. Haungoji mtu mwenye mamlaka, wala haumalizwi na macho. Mwalimu asiyeitenga maana hii wazi humwachia mwanafunzi aamini kwamba amethibitisha alipopima, au alipoambiwa.

Historia ya mtaala haikusaidia. Hisabati mpya, iliyoenea Afrika Mashariki baada ya semina ya waandishi ya Entebbe mwaka 1962, iliusogeza kando mfululizo wa hoja wa Euclid na kuleta maakisi, mizunguko na makuzo. Kenya iliiacha mwaka 1981. Mageuzo hayo ya maumbo yamebaki vitabuni hadi leo. Ule mfululizo mrefu wa hoja haukurudi na uzito wake wa zamani. Mtoto hujifunza kugeuza maumbo vizuri sana, lakini nafasi anazopewa za kusema "kwa hiyo" ni chache.

Na nje ya darasa, Turbo haikosi jiometri. Eldoret yenyewe iliitwa 64 kutokana na nambari ya shamba katika ramani ya wapimaji. Mafundi wa ujenzi hupata pembe mraba ya msingi kwa kamba ya futi 3, 4 na 5, na unyofu wa ukuta kwa timazi. Asemaye kwamba hayo yanatosha kumfundisha mtoto kanuni ya Pythagoras anazidisha, kwa maana fundi anajua kwamba kamba hufanya kazi, wala hana haja ya kujua kwa nini. Lakini lugha yake ni hazina. Katika kidato cha nne, wanafunzi hutakiwa wafasili njia ya nukta, na wengi hukwama katika fasili ya Kiingereza. Nyumba ya msonge hupimwa kwa kigingi kimoja na kamba iliyokazwa: mwenye kushika ncha ya pili huzunguka, na popote apitapo umbali wake na kigingi haubadiliki. Neno "haubadiliki" ndilo lenye fasili yote. Kinachobaki ni mwalimu kuuliza kingetokea nini kama vigingi vingekuwa viwili, na mtu akatakiwa atembee huku akiwa mbali navyo kwa kadiri moja. Na kuwaacha wanafunzi wabishane kwa Kiswahili chao, kabla ya yeyote kufungua kitabu.