Dola Mbili na Dola Laki Mbili: Poka ya Andy Beal

Mnamo mwaka 2001 tajiri mmoja mwenye benki yake mjini Dallas, Andy Beal, ambaye fauka ya ujuzi wake wa mikopo alikuwa pia mpenzi wa hisabati hata tatizo moja la namba likaitwa kwa jina lake, aliingia katika ukumbi wa karata wa Bellagio huko Las Vegas, akataka kucheza poka na mabingwa wa mji ule, si kwa dau walilolizoea wao, bali kwa dau litakalowatetemesha mikono. Mapambano hayo, yaliyoendelea kwa vipindi hadi Februari 2006, ndiyo kielelezo bora nikijuacho cha ubishi ambao wachezaji hawajaumaliza: je, poka ya dau dogo na poka ya dau kubwa ni mchezo mmoja, au ni miwili? Hukumu ya dini juu ya kamari inajulikana, wala sikuja hapa kuitengua. Lakini mtu aweza kulichunguza jahazi lililozama pasipo kutamani kuzama nalo.

Katika poka ya Texas kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha hufunuliwa tano za watu wote, tatu kwa pamoja, halafu moja, halafu moja, na kila zinapofunuliwa watu huweka dau. Beal na wapinzani wake walicheza ile yenye mpaka, ambayo ndani yake mtu hapandishi atakavyo, bali kwa kima kilichokwisha wekwa; ukisikia meza ya 2 kwa 4, elewa kwamba dau la mwanzo ni dola 2, na katika karata mbili za mwisho huwa dola 4.

Natuitazame kwanza meza hiyo ndogo. Watu tisa wameketi, watano wameingia kwa dola 2 kila mmoja, na rundo la katikati ni dola 10. Wewe umeshika kopa mbili, na katika karata tatu zilizofunuliwa mna kopa mbili nyingine. Mwenye jozi ya ree anaweka dola 2, wawili wanamfuata, mmoja anatupa karata zake, na zamu inakufikia rundo likiwa dola 16. Karata usizoziona ni 47, na kopa zilizobaki ni 9, hivyo nafasi ya kopa kutokea katika karata ifuatayo haifiki moja katika tano. Lakini maadamu unatoa 2 kwa tamaa ya 16, nane kwa moja, ilhali huhitaji ila zaidi kidogo ya nne kwa moja, kufuata ni haki yako wala si ujinga. Na kwa kuwa kila mmoja pale ana sababu kama yako, au anadhani anayo, na dola 2 hazimnyimi mtu usingizi, yule mwenye ree hana silaha ya kuwafukuza, na anayeghilibu, yaani anayeweka dau bila kitu mkononi akitaraji wenzake wakimbie, anapiga ngoma mbele ya viziwi. Ustadi wa meza ndogo ni subira: kungoja karata njema, kuzitoza bei kamili, na kutomdanganya mtu asiyekusikiliza. Nayo nyumba, yaani wenye ukumbi, hukata fungu lake katika kila rundo, fungu ambalo kwa dau dogo huuma sana, hata wako wanaowashinda wenzao usiku kucha wakashindwa na mwenye nyumba; kwenye meza kubwa aghalabu hutozwa kodi ya kiti kwa muda.

Sasa tuhamie kwa Beal, aliyetaka kukabiliana na mtu mmoja mmoja, kwa kima kilichofika 100,000 kwa 200,000 mwaka 2004. Tuseme karata ya mwisho imefunuliwa, rundo ni dola 800,000, naye anaweka 200,000. Ikiwa anaghilibu, inatosha afanikiwe mara moja katika tano. Na mpinzani, anayetoa 200,000 ili apate milioni moja, inatosha awe sahihi mara moja katika sita. Rudi kwenye meza ndogo, weka 16 mahali pa 800,000 na 4 mahali pa 200,000, utaona hesabu ni ile ile. Karata hazijui kima cha dau. Ajuaye ni mkono unaoisogeza fedha, na hapo ndipo Beal alipopalenga.

Kanuni waliyoizoea wachezaji wa aina hii ni kwamba mtu mwenye hadhari awe na akiba ya madau makubwa 300 hivi, ili mikosi ya kawaida isimfilisi hata kama ni hodari. Kwa meza ya 2 kwa 4 hizo ni dola 1,200. Kwa meza ya Beal ni dola milioni 60. Hakuna bingwa aliyekuwa na akiba hiyo ya kuchezea. Kwa hiyo dau lile lile, ambalo kwa mwenye benki lilikuwa zito lakini la kuvumilika, kwa mpinzani wake lilikuwa kubwa mno, na mtu anayeogopa kufilisika hutupa karata ambazo kwa dola 4 angezifuata huku anapiga soga.

Mabingwa wakajibu kwa njia ambayo mtu wa pwani ataitambua mara moja: wakala bia. Doyle Brunson, Chip Reese, Jennifer Harman, Ted Forrest na wenzao walichanga mtaji mmoja, wakawa wakiingia kwa zamu, na faida au hasara ikagawanywa. Mkiwa kumi, dau la 200,000 kwa kila mmoja ni 20,000. Kwa maneno mengine, walilishusha dau kwa mlango wa nyuma, na mwenye dau akalikubali. Kwa maoni yangu dawa hiyo ilikuwa na sumu yake, kwani aliyeketi alibeba fedha za wenziwe pamoja na macho yao, na kosa dogo humtia mtu haya kuliko hasara kubwa ya mfuko wake mwenyewe.

Beal naye hakuja na fedha tupu. Alijifunza kwa kompyuta saa nyingi, akavaa miwani ya giza na vipokea sauti masikioni ili uso wake usitoe habari, akacheza kwa ukali, na ilikuwako siku moja aliyoondoka na zaidi ya dola milioni 11. Lakini meza kubwa ina sifa ambayo meza ndogo haina. Kwenye dola 2 majirani hubadilika kila jioni, na tabia yako huondoka nao. Kwenye mamilioni hukutana na watu wale wale kutwa nzima, siku baada ya siku, nao huikariri tabia yako: ni lini unapandisha, ni lini unasita, umeghilibu mara ngapi katika hali kama hii. Miwani huficha macho, haifichi mazoea.

Februari 2006, safari hii katika ukumbi wa Wynn, Beal aliwanyang'anya kwanza zaidi ya dola milioni 13. Kundi likampeleka Phil Ivey, ambaye kwa siku tatu, kuanzia tarehe 21 hadi 23, aliketi naye kwa dau lililopanda hadi 50,000 kwa 100,000, nusu ya lile la mwaka 2004, akamtoa zaidi ya dola milioni 16. Ukiupima ushindi huo kwa dau kubwa la 100,000 utapata madau 160 na ushei. Na katika meza yetu ya 2 kwa 4, madau 160 ni dola 640.