Mashimo ya Mfalme Sulemani: Kitabu cha Utotoni Kisomwapo Tena

Kitabu cha Mashimo ya Mfalme Sulemani nilikisoma mara ya kwanza nikiwa na umri wa miaka kumi, huko Chekereni, katika nakala isiyokuwa na jalada wala kurasa zake za mwanzo. Kwa hiyo sikujua jina la mtungaji, wala la mfasiri, wala sikujua kwamba hadithi ile ilipata kuwa ya Kiingereza. Nilidhani ni hadithi yetu.

Si ajabu kwamba nilidhani hivyo. Chekereni ni nchi tambarare chini ya mji wa Moshi, na wakati ule mashamba ya mpunga yalikuwa yamekwisha kutandazwa kwa mradi wa umwagiliaji uliokamilika mwaka 1987. Kazi yetu watoto ilikuwa kuamia ndege. Mtu huketi ukingoni mwa mfereji tangu alfajiri, akapiga debe, akarusha udongo kwa teo, na kati ya kundi moja la ndege na jingine hana la kufanya ila kusoma au kulala. Mimi nilisoma. Nilipofika mahali ambapo wasafiri, wamekauka koo kwa kiu ya jangwani, wanaona mbele yao milima miwili iliyovikwa theluji, niliinua macho nikaona Kibo na Mawenzi. Sikuhitaji mwalimu wa kunieleza theluji. Nilihesabu kwa vidole muda ambao wasafiri wale wangetumia kutoka shambani kwetu hadi kwenye pango lile la barafu ambamo mtumishi wao hufa kwa baridi.

Mwaka jana nilikisoma tena chote, safari hii kikiwa na jalada lake, na pembeni yake nimeweka asili ya Kiingereza. Yafuatayo ni hesabu ya masomo hayo mawili.

Mtungaji ni H. Rider Haggard, Mwingereza aliyepata kutumika Natal katika ujana wake, na kitabu chake kilitoka London mwaka 1885. Tafsiri ya Kiswahili, ya Frederick Johnson, ilitoka mwaka 1929. Johnson ndiye aliyekuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Kiswahili iliyoundwa mwaka 1930, na kamusi kubwa ya mwaka 1939 ilitayarishwa chini ya uongozi wake. Maana yake ni kwamba mkono ulioitengeneza hadithi hii kwa ajili yetu ndio mmoja wa mikono iliyokisanifu Kiswahili chenyewe. Kwa vizazi kadhaa vya wanafunzi wa Afrika ya Mashariki, kitabu hiki kilikuwa mfano wa namna ya kusimulia: sentensi fupi, tendo juu ya tendo, wala hapana maneno ya kujipamba. Sioni haya kukiri kwamba nami nilijifunza hapo.

Tuanze na kilichosalia kizuri, maana si haba. Safari ya jangwani haijachuja hata kidogo. Kiu ile bado ni kiu. Kapteni Good, aliyenyolewa upande mmoja wa uso, mwenye meno ya bandia yanayotoka na kurudi, aliyekatazwa kuvaa suruali yake kwa sababu wenyeji wameipenda miguu yake myeupe, bado huchekesha. Na ni jambo la kupendeza kwamba anayechekwa hapo ni Mzungu. Na pale mlango wa jiwe unaposhuka na kuwafungia wasafiri watatu gizani pamoja na almasi zisizoweza kuliwa, mkono wangu ulitafuta taa ingawa ilikuwa mchana.

Lakini nilipokuwa nikisoma nilianza kusikia jambo ambalo mtoto hakulisikia, nalo limo katika sarufi yetu. Hadithi inasimuliwa na Allan Quatermain, mwindaji wa ndovu, kwa nafsi ya kwanza. Katika Kiingereza, neno lile la “sisi” husimama peke yake kama nguzo, na msomaji anaweza kulizunguka. Katika Kiswahili nafsi imo ndani ya kitenzi. Tulikwenda, tuliona, tulishangaa. Wao walikuja, waliogopa, walianguka kifudifudi. Hapana kitenzi hata kimoja ambacho msomaji anaweza kukitamka bila ya kuchagua upande, na upande umekwisha kuchaguliwa kwa ajili yake. Haggard alikitabaruku kitabu chake kwa wavulana wote, wakubwa kwa wadogo, watakaokisoma; wala siamini kwamba alifikiri mvulana wa kuamia ndege. Walakini kiambishi kile cha “tu-” kilinichukua na mimi. Kwa muda wa siku nne nilikuwa Mzungu mwenye bunduki, nikiwatazama kutoka juu watu weusi waliokuwa wakiniogopa. Chinua Achebe wa Nigeria ameeleza kwamba naye utotoni, akisoma hadithi za namna hii, aliwashangilia Wazungu dhidi ya wenyeji. Kwa hiyo ugonjwa huu si wangu peke yangu. Ila katika Kiswahili nadhani uliingia kwa mlango mpana zaidi.

Hebu tutazame sasa walivyochorwa hao “wao.” Wakukuana wa Haggard si watu duni kwa kila jambo. Wana majeshi yenye nidhamu, wana adabu ya vita, wana wazee wenye heshima. Lakini nchini mwao mna barabara kuu ya mawe, mna sanamu kubwa, mna mashimo ya almasi, na hakuna hata kimoja walichokifanya wao. Vyote ni kazi ya wageni wa kale waliokuja wakaenda, na wenyeji wanaishi juu yake kama kuku juu ya paa la nyumba wasiyoijenga. Huu ndio uwongo uleule uliosemwa juu ya kuta za Zimbabwe. Nami nilikuwa nikiusoma ukingoni mwa mfereji, katika nchi ambayo Wachaga walichimba mifereji yao wenyewe, ile iitwayo mfongo, wakiyateremsha maji kwenye makorongo hadi migombani kabla ya mgeni yeyote kufika kuwafundisha. Sikuunganisha mambo haya mawili.

Kisha lipo lile tukio la kupatwa, ambalo sisi watoto tulilipenda kuliko yote. Wasafiri, kwa kutazama kalenda ya Good, wanajua kwamba mbingu itatiwa giza, nao wanajidai kuwa wao ndio wanaoizima. Taifa zima linaamini. Katika chapa ya kwanza ilikuwa ni jua, na baadaye Haggard akabadili ikawa mwezi, kwa kuwa mwezi mpevu na kupatwa kwa jua haviwezi kufuatana kwa siku moja. Yamkini ni haki kumwuliza swali moja: mtungaji ambaye mwenyewe alikosea hesabu ya mbingu, kwa nini alidhani kwamba watu walalao chini ya mbingu hiyo kila usiku hawakupata kuiona ikipatwa?

Swali hili lina uzito zaidi kwa msomaji wa Moshi, kwa sababu mwaka kilipotoka kitabu ndio mwaka ambao wajumbe wa Carl Peters walifika kwa Mangi Rindi kutafuta mkataba. Hapakuwa na mtu aliyepiga magoti mlimani kwa ajili ya kalenda. Rindi alikuwa mwanasiasa aliyewapima wageni, Waingereza kwa Wajerumani, kila mmoja kwa mizani yake. Mwanawe Meli aliwashinda Wajerumani vitani mwaka 1892, na kiongozi wao von Bülow akauawa. Mwaka uliofuata wakarudi na jeshi kubwa zaidi wakamshinda. Tarehe 2 Machi 1900 Meli alinyongwa huko Old Moshi pamoja na viongozi wengine. Katika hadithi, Wazungu watatu wanamrudisha mfalme wa haki kwenye kiti chake. Mlimani kwetu, walio na haki ya kiti ndio walioninginizwa mtini.

Mtoto niliogopa sana ile sura ambamo wafalme waliokufa wa Wakukuana wanaketi pangoni kuizunguka meza, wakigeuka mawe taratibu. Niliota ndoto. Siku hizi siwezi kuisoma sura hiyo bila kuwakumbuka wafu wengine. Masimulizi ya Old Moshi yanasema kwamba kichwa cha Meli kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na wajukuu zake wamekitafuta kwa miaka mingi. Mwezi Septemba mwaka 2023 wakuu wa makumbusho ya Berlin walitangaza matokeo ya uchunguzi wa mafuvu zaidi ya elfu moja yaliyotoka Afrika ya Mashariki: mojawapo lilikuwa la mshauri wa Meli, na jamaa zake wangali hai Tanzania. Haggard aliwaweka wafalme weusi pangoni ili wamtishe msomaji. Waliowaweka watu wetu makabatini walikuwa na namba na orodha.

Nimemchelewesha Gagula, na si kwa kumsahau. Ndiye ajuza wa hadithi, mchawi mwenye uso kama wa nyani mkavu, ambaye kwa kidole chake watu huuawa. Kwa utungaji yeye ni kiumbe mwenye nguvu kuliko wote kitabuni. Ni yeye peke yake anayejua historia ya nchi, ni yeye anayewaambia wageni waziwazi kwamba wamefuata mawe yanayong'aa, na katika hilo hasemi uwongo. Kitabu kinamponda kwa jiwe na kinatutaka tufurahi. Tulifurahi. Tena tulifanya zaidi: tulilitoa jina lake kitabuni tukalipeleka mtaani. Palikuwa na mama mmoja mzee, mjane, aliyepita njia ya mashambani jioni na mzigo wa kuni, macho yake mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka sitini. Tulimwita Gagula. Mwanzo ulikuwa mchezo wa watoto wanne. Baada ya muda hata watu wazima ambao hawakupata kukifungua kitabu walilitumia jina lile, na sijui kama mama yule alipata kujua lilikotoka. Shikamoo zetu alizijibu sikuzote. Nchi hii imekwisha kuwapoteza wakongwe wengi, hasa huko Usukumani, waliouawa kwa sababu ya macho mekundu na tuhuma za uchawi. Sisemi kwamba Haggard ndiye aliyewaua; tuhuma hizo ni kongwe kuliko yeye. Nasema kwamba tulipewa jina la kuchekea jambo lisilochekesha, na lilikuja kwa Kiswahili safi.

Juu ya Foulata, msichana anayempenda Good, yatosha maneno machache. Anakufa akimtetea asiyekuwa wa kabila lake, na katika Kiingereza Quatermain anatamka wazi kwamba kifo hicho kimewaepusha na mashaka. Utotoni nililia. Sasa nimekasirika, nami naona hasira ni tendo jepesi kuliko kulia.

Limebaki la Umbopa, na hapa hukumu yangu inayumba. Anaingia kama mtumishi, anabeba mzigo, na mwisho anafichuka kuwa Ignosi, mfalme. Kwa ukweli hadithi ni yake. Wale watatu wamepanda mgongoni mwa safari ya mtu anayerudi kwao. Na wakati wa kuagana anasema jambo ambalo sikulikumbuka kabisa: kwamba ataifunga nchi yake, hataki wafanya biashara wa bunduki na ulevi, hataki hata wahubiri. Jambo hili lilichapishwa London mwaka 1885, wakati mataifa ya Ulaya yametoka tu kwenye meza ya Berlin! Wapo watakaosema kwamba Haggard hapo alikuwa akiota nchi ya kishujaa ya kuhifadhiwa kama mbuga ya wanyama, na labda ni kweli. Lakini maneno yamo, na mtungaji hakumwekea mtu wa kuyajibu. Kwa nini mvulana wa Chekereni hakuyashika? Nadhani ni kwa sababu “tu-” ilikuwa imekwisha kutoka nje ya nchi na mifuko imejaa almasi, nami nilikuwa mifukoni.

Rafiki zangu wa chuoni hunishauri kwamba vitabu vya namna hii viachwe vife, na mahali pake wapewe watoto vile vya kwetu. Vya kwetu tulivipata pia, na kwa pupa. Miaka miwili baadaye nilikuwa nimekwisha kuhamia kwa Willy Gamba wa Elvis Musiba katika Kufa na Kupona ya mwaka 1974, ambamo shujaa ni Mwafrika naye anawapigania wapigania uhuru. Nilipokisoma hicho tena niliona kwamba wanawake wake hawakupata nafasi kubwa kuliko Foulata. Kubadili rangi ya shujaa ni hatua. Haikuifika safari yote.

Nakala yangu mpya niliiacha Chekereni kwa dada yangu wakati wa likizo, kwa kusahau au kwa nusu ya kusahau. Mwanawe ana miaka kumi na mmoja. Jioni moja alinipigia simu, akaniamkia, kisha akauliza, “Mjomba, hawa watu wa jangwani, maji watayapata?” Nilikuwa na mengi ya kumwambia, na sehemu kubwa yake ndiyo niliyoyaandika hapa. Nilimwuliza amefika ukurasa wa ngapi.