Neno "mukubwa": urefu ao heshima?

Kila siku neno hili linapita mudomoni mwetu. Dereva akifika kwenye bariere anasema "Mukubwa, tusaidie", hata kama askari ni kijana aliyezaliwa nyuma yake sana. Mbele ya mlango wa ofisi ni vile vile. Basi tuulize: huyu mutu ni mukubwa kwa nini?

Ndugu msomaji, mzizi wa neno ni kukua. Kiswahili kilipoteza sauti "l" ya zamani. Tazama Kibemba cha Sakania na Kasenga: kukua ni kukula, na mukulu ni mutu mzima mwenye kuheshimiwa, sawa vile kulila kwao ni kulia kwetu. Kinyarwanda kina gukura na umukuru. Kikongo, mbali kule magharibi, kinaita wahenga bakulu. Mkuu wa Kiswahili cha vitabu ni huyo huyo mukulu, na mukubwa ni wa ukoo huo.

Mtoto akikua, jambo la kwanza tunaloona ni urefu: suruali imekuwa fupi. Lakini lugha haikubaki hapo. Mudogo wako akikupita kimo, watu watasema amekuwa murefu. Hatakuwa mukubwa wako hata siku moja. Ukubwa unahesabu miaka, na pamoja na miaka, kazi: kutoka kukua tunapata kukuza, yaani kulea wengine. (Hata cheo, tunachodhani ni cha serikali tu, maana yake nyingine ni kipimo.)

Wengine watasema ni adabu tu, mbona tunasema pia shefu? Si sawa. Shefu ya Kifaransa inatoka kwa neno la kichwa, na kichwa kinaweza kuwekwa kwa barua ya uteuzi. Kukua hakuna barua. Wazee walisema mkubwa ni jalala: taka zote za jamaa zinatupwa kwake, naye anavumilia. Kwenye bariere mambo yamegeuka, anayebeba ni dereva, na anayeitwa mukubwa anapokea.

Kwa maoni yangu, askari anatosha na "afande", na mwenye ofisi na "shefu". Mukubwa tumwachie yule shangazi anayelipa minervale ya watoto wa ndugu zake.