Hakimiliki, Ofa na Rehani: Uhakiki wa Istilahi za Uhamisho wa Ardhi

Mwaka 2021 Bunge liliirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Tangu hapo kazi ya mfasiri wa sheria si ile ya zamani. Hapo awali tafsiri ilikuwa msaada kwa msomaji, na shauri lilipotokea watu walirejea kwenye maandishi ya Kiingereza. Sasa neno la Kiswahili lenyewe ndilo litakalopimwa mbele ya hakimu. Makala haya yanakusudia kuzipima istilahi chache zitumiwazo na mawakili, makarani na maofisa ardhi pale nyumba au kiwanja kinapohama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

Tuanze na neno hakimiliki. Mwaka 1999 Bunge lilipitisha Sheria ya Ardhi Na. 4 na, mwaka huohuo, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7. Hivyo neno moja likabebeshwa mizigo miwili: haki ya mtu juu ya kiwanja chake, na haki ya mtunzi juu ya wimbo au kitabu chake. Mwalimu akiandika ubaoni "hakimiliki" bila kuongeza neno, mwanafunzi hana njia ya kujua kama somo ni la ardhi au la sanaa.

Lakini kasoro kubwa zaidi imo ndani ya neno lenyewe. Haki inayotolewa na sheria zetu tangu mwaka 1923 ni haki ya kuikalia na kuitumia ardhi. Umiliki kamili uliorithiwa kutoka enzi za ukoloni uliondolewa mwaka 1963, na sheria ya sasa yasema kwamba ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi. Mwenye cheti hupewa muda, nao hauzidi miaka 99. Neno "miliki" humwambia mnunuzi kwamba amepata zaidi ya alichopata. Wapo wanaopendekeza "haki ya ukaaji". Nadhani pendekezo hilo halifai, kwani mwananchi atajiona mpangaji tu, ilhali sheria inamruhusu kuuza, kurithisha na kuweka rehani. Afadhali tubaki na "hakimiliki ya ardhi", ila tuliandike kikamilifu kila mara, na muda wake utajwe mahali hapohapo.

Kadhalika tusichanganye hakimiliki na hatimiliki. Ya kwanza ni haki. Ya pili ni karatasi inayoithibitisha. Karatasi yaweza kuungua, haki ikabaki.

Istilahi ya pili ni ofa. Mzee wa Kariakoo akisema "nina ofa ya kiwanja", anasema kwa fahari kana kwamba ana hati. Maandishi rasmi huiita "barua ya toleo". Lakini toleo, kwa msomaji wa magazeti, ni chapa ya kitabu au ya jarida. Na ofa, katika maduka ya Mtaa wa Kongo, ni bei iliyopunguzwa. Hakuna hata moja kati ya maneno haya linalomwambia mwananchi jambo la msingi: kwamba barua hiyo ni ahadi inayongoja kukubaliwa na kulipiwa, na kwamba cheti kitafuata baadaye. "Barua ya ahadi ya kiwanja" ingalisema ukweli huo waziwazi.

Istilahi ya tatu ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Katika ofisi moja ya sheria hapa Posta nilimkuta mama wa makamo akiwa amefuatana na mumewe, mfanyabiashara wa Kariakoo. Karani alimsogezea karatasi akasema, "Mama, hapa unamdhamini mzee tu." Mama akauliza, "Kwa nani, mwanangu?" Akajibiwa, "Kwa benki." Akatia sahihi. Tulipokuwa tukishuka ngazi aliniuliza kama nyumba yao inahusika katika jambo lile. Ilikuwa inahusika: karatasi ile ilikuwa ridhaa yake ya kuiweka rehani nyumba ya familia.

Sheria ya Ardhi inataka ridhaa hiyo ya mwenzi wa ndoa kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani. Lakini ridhaa gani hupatikana kwa neno lisiloeleweka? Dhamana kwa Kiswahili cha leo ni ya mahabusu, ya mkopo, ya kazi na ya cheo. Kudhamini ni kujitolea nafsi. Kuweka rehani ni kuiweka nyumba mahali ambapo yaweza kuuzwa deni lisipolipwa. Maneno haya mawili hayabadilishani nafasi.

Neno rehani, lililokuwamo pwani karne nyingi, linafaa sana. Sheria yenyewe inasema kuwa rehani ni kinga ya deni tu, wala haimhamishii mkopeshaji haki ya ardhi. Hapo ndipo inapotofautiana na poni, ambapo kitu chenyewe hukaa kwa mkopeshaji. Mfasiri aliyepata neno lililo tayari hana sababu ya kulikimbia.

Haki haimruhusu mhakiki kulaumu tu. Maofisa ardhi wametupatia "milki pandikizi", yaani kiwanja kimoja kugawiwa watu wawili. Neno hilo lina picha, ni fupi, na mwenye kuumizwa hulielewa mara moja. Limetokana na tukio lenyewe, halikufuata neno la kigeni.

Huo ndio mwongozo ninaoupendekeza kwa wafasiri wetu hasa sasa, ambapo majengo ya ghorofa ya Kariakoo yanagawanywa chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008, na istilahi mpya zinahitajika kila siku. Kwanza tuulize: mwenye haki anapata nini, na anaweza kupoteza nini? Kisha ndipo tutafute neno. Na kabla ya kulisanifisha, tumsomee mama yule wa Posta. Akilielewa kabla ya kutia sahihi, istilahi imefaulu.