Nani Alimwamsha Zimwi?

Aprili 2025 ilikuwa na kumbukumbu mbili zilizopishana kwa siku tatu. Tarehe 2 ilitimia miaka kumi tangu shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, ambapo Al-Shabaab waliua watu 148, 142 kati yao wanafunzi. Tarehe 5 ilitimia miaka hamsini tangu Himitsu Sentai Gorenger ianze kuonyeshwa kwenye televisheni ya Japani mwaka 1975: vijana watano, mavazi ya rangi tano, na maadui wapya kila wiki. Huo ndio ukoo wa Power Rangers. Kumbukumbu ya kwanza ilipita kimya nyumbani kwetu Iftin. Ya pili niliishangilia kwenye simu pamoja na mashabiki wa dunia nzima. Baadaye nikaona aibu.

Mimi nimelelewa na Power Rangers, sitakataa. Kibanda cha video, shilingi kumi, jenereta inanguruma nje, na DJ anatafsiri kila ngumi kwa Kiswahili cha mtaa. Hatukujua kwamba tunatazama vitu viwili vilivyoshonwa pamoja. Mwaka 1993 Wamarekani walichukua mapigano ya Zyuranger, mfululizo wa Kijapani wa mwaka 1992, wakaweka waigizaji wao pale nyuso zinapoonekana. Poa tu, bado napenda. Lakini zimwi la Power Rangers halina historia. Linatumwa, linakuwa kubwa, linalipuka, na sisi tunarudi nyumbani kabla ya magharibi. Hakuna anayeuliza nani alikuwa ndani ya lile ghorofa lililoanguka.

Wiki hiyo nikatafuta Godzilla ya kwanza, ya Ishirō Honda, iliyotoka tarehe 3 Novemba 1954. Nilidhani nitamcheka mtu aliyevaa suti ya mpira. Kumbe! Filamu inaanza na chombo baharini, mwanga mkali, kisha moto. Mjapani wa mwaka ule hakuhitaji maelezo. Machi hiyo, bomu la majaribio la Marekani huko Bikini lilikuwa limewamwagia majivu ya mionzi wavuvi wa Daigo Fukuryū Maru, na mwendesha redio wao, Aikichi Kuboyama, alifariki Septemba. Hiroshima na Nagasaki zilikuwa na miaka tisa tu. Ndani ya treni, mwanamke analalamika kwamba aliponea Nagasaki na sasa kuna hili. Mama anawakumbatia wanawe barabarani akiwaambia watamfuata baba yao sasa hivi. Na zimwi likishakufa, Profesa Yamane hashangilii. Anaonya kwamba majaribio ya mabomu yakiendelea, huenda akatokea mwingine. Filamu inajua nani alimwamsha.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Godzilla alizoeleka hivyo hivyo. Kufikia Godzilla vs. Megalon ya mwaka 1973, anapigana upande wetu na kupeana mkono na roboti. Kwa miaka hamsini yake, mwaka 2004, walitengeneza Godzilla: Final Wars, ambamo anawachapa mazimwi wenzake mmoja baada ya mwingine. Nilifurahia kila dakika, na kesho yake sikukumbuka kitu. Hiyo ni karamu ya kuzaliwa, basi.

Miaka sabini ilikuja na Godzilla Minus One ya Takashi Yamazaki, iliyotoka Novemba 2023 na kushinda Oscar ya vionjo vya picha mwaka uliofuata. Hapa tunarudi Tokyo iliyoteketea, kwa rubani aliyekwepa kujitoa mhanga na sasa hawezi kulala. Hii ndiyo kumbukumbu ninayoielewa: inarudi kwenye kidonda. Ila mwishoni inamrudisha mtu tuliyeamini amekufa, na hapo nilikasirika. Huku kwetu hakuna aliyerudishwa.

Wengi wa waliouawa chuoni walikuwa watoto wa watu kutoka kaunti nyingine, waliotengwa kwa sababu ya dini yao. Siwezi kudai msiba wao kuwa wangu. Alfajiri ile nilikuwa mtoto wa shule, na hooyo alifunga mlango akatuambia tulale sakafuni. Ninachoweza kusema ni kilichofuata. Kwenye vizuizi vya barabara ya Nairobi tuliteremshwa basi, vitambulisho mkononi. Chuoni nilikosoma mimi, kabla karo haijanishinda mwaka wa pili, jamaa mmoja bwenini aliniuliza, kwa utani ati, kama begi langu ni salama. Hadithi ya zimwi lisilo na historia lazima itafute sura, na mara nyingi inachukua ya jirani.

Kuhusu mauaji ya Wagalla ya mwaka 1984, Judy Kibinge alitengeneza filamu ya hali halisi, Scarred, mwaka 2015. Ilichukua miaka 31. Sitaki Garissa ipate zimwi la mpira. Nataka filamu yenye subira ya Honda, inayokaa na majeruhi na kuuliza maswali hadi mwisho.

Nilimwonyesha mdogo wangu Godzilla ya 1954. Ana miaka tisa na shujaa wake ni ranger mwekundu. Tulipofika kwa yule mama na watoto, akauliza, "Kwani marenja wanakuja saa ngapi?"

"Hawaji," nikamwambia.

Akanyamaza. Kisha akataka kujua wale watoto wanaitwa nani. Filamu haisemi. Nikamwambia wale wa chuo chetu wana majina, 148, na tutayasoma pamoja. Akaniuliza lini.